Singo Yenye Chumvi

Mgeni wa hoteli amepita mbele yangu ananukia singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo wa kusugulia mwili, aliyosuguliwa muda huu, akateremka kuogelea baharini. Hakuna aliyemzuia.

Dadangu alifungiwa ndani wiki nzima kabla ya harusi, akisuguliwa singo hiyo hiyo, asionwe hata na jua. Alfajiri moja tulitoroka. Nilibaki kwenye ngazi za mawe nimekumbatia buibui lake, jicho huku, jicho kule, naye anazidi kuogelea mbali.

"Dada, rudi! Mama ataamka!"

"Bado kidogo!"

Asubuhi mama alipomsugua mkono alisita, akaonja kidole chake. Mama akafunga mlango, akamwinamia sikioni.

"Ulifika mpaka wapi?"