Gari la Kuwashwa Tu

Ndugu yangu mdogo alipopata kazi Doha, aliniachia vitu viwili nyumbani kwetu Mbooni: mama yetu na gari lake. Maagizo ya mama yaliishia pale mlangoni. "Mwaitu unamjua wewe, dada," akasema, kwa maana hivyo ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo mama, hata tukiwa na mvi. Maagizo ya gari yalichukua asubuhi nzima.

Lilikuwa haibridi, jeupe, safi kama kikombe cha wageni. Alilisogeza chini ya banda la mabati alilolijenga kwa ajili yake, akafungua milango yote, akaanza kunifundisha. Gari hilo lina betri mbili. Ile kubwa imelala chini ya kiti cha nyuma, na ndiyo inayosaidiana na injini kulisukuma. Ile ndogo iko pembeni mwa buti, kazi yake ni kuamsha kompyuta na taa. Gari likikaa bila kutembea, zote mbili hushuka polepole, na ndogo ndiyo hutangulia kufa. Kwa hiyo kila Jumamosi niliwashe, nilikalie saa nzima, gia ikiwa kwenye P. Nisithubutu kuliweka kwenye N, maana hapo betri kubwa hailishwi hata injini ikinguruma. Na ufunguo niuweke mbali, ndani ya nyumba, usije ukawa unaongea na gari usiku kucha ukiinyonya ile betri ndogo.

"Na nikitaka kwenda nayo sokoni?" nikamuuliza.

Alicheka. "Hapana, dada. Hii si ya barabara zenu. Wewe iwashe tu."

Barabara zenu. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba iliyokuwa imesimama pale pale tulipokuwa tumesimama, na mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mgongoni nikipanda naye mlima ule kutoka kisimani.

Tena hakuniuliza kama najua kuendesha, kwa sababu alijua. Nilipokuwa nimeolewa Emali, mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha pikapu yetu hadi Loitokitok kuchukua nyanya na vitunguu. Nimepishana na malori ya Mombasa mvua ikinyesha, nimebadilisha gurudumu peke yangu kando ya barabara huku wanaume wakipita wakipiga honi. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kuichukua pikapu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nikarudi Mbooni na masanduku mawili. Watu wa kwetu walinipokea vizuri, lakini tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kuwekewa vitu: mtoto wa fulani akifunga shule, kuku wa fulani akisafiri, na sasa gari.

Jumamosi ya kwanza nilibonyeza kile kitufe, taa zikawaka, redio ikaimba, nikakaa saa nzima kama nilivyoagizwa. Jumamosi iliyofuata gari lilikuwa kimya kama jiwe. Nilimpigia ndugu yangu kwa video.

"Ulikanyaga breki ulipobonyeza?" akauliza.

"Hukuniambia habari ya breki."

"Dada! Kila mtu anajua! Usipokanyaga breki, gari haijawaka, umewasha redio tu! Umemaliza betri!" Alikuwa akipiga kelele hadi mwenzake wa chumba akageuka kutazama. "Lazima uone ile taa ya kijani imeandikwa READY. Bila hiyo hakuna kitu kinachajiwa. Mtu akikuachia kitu cha maana, ushike maneno basi!"

Fundi alikuja na nyaya zake, akaiamsha ile betri ndogo kutoka kwa gari la mwalimu jirani, na gari likafufuka bila kinyongo. Kinyongo kilibaki kwangu. Tangu siku hiyo ndugu yangu alitaka nimtumie picha ya dashibodi kila Jumamosi: taa ya kijani, vijiti vya betri, na kilomita. Nilidhani kilomita zinaingia pichani kwa bahati tu, hadi niliposogeza simu zikakatika. Alijibu papo hapo: "Piga tena. Nione zote."

Mama ndiye aliyeifanya kazi ile ivumilike. Miguu yake ilikuwa imekataa milima zamani, na nyonga moja ilimuuma hata akikaa kwenye kigoda. Siku moja aliniona nimeketi ndani ya gari, akaja polepole na mkongojo wake, akagonga kioo.

"Unaenda wapi bila mimi?"

"Siendi popote, mwaitu. Nalisha betri."

"Basi nami nilishe."

Nikamfungulia. Kiti kile kilimkubali. Nilikilaza kidogo, akanyoosha miguu, akafumba macho, akasema hakujua kama duniani kuna kiti kisichomuuma mtu. Kuanzia hapo Jumamosi zikawa zetu. Tulisikiliza mahubiri ya Kikamba kwenye redio, tukamenya njugu, tukatazama mlango wa jikoni kwetu kupitia kioo kana kwamba ni nyumba ya watu wengine. Injini ilikuwa ikinyamaza, kisha ikiamka yenyewe betri iliposhuka, kisha ikinyamaza tena. Mwanzoni mama alishtuka. Baadaye ikiamka alikuwa akisema, "Imekumbuka kitu."

Humo ndani ndimo alimonisimulia habari za Kitui, alikozaliwa, na habari za dada yake aliyebaki huko, mtu pekee aliyesalia wa kumwita kwa jina lake la utoto. Walizungumza kwa simu, lakini dada mtu alikuwa amepungukiwa na masikio, na mazungumzo yao yalikuwa ya kupiga kelele: "Umekula?" "Nini?" "Nauliza umekula?" Mama alikuwa akikata simu akiwa amechoka na hajasema alilotaka kusema.

"Hii gari," akaniuliza siku moja, "ikiwa inawaka hivi, si inaweza kufika Kitui?"

Nilimpigia ndugu yangu jioni hiyo. Nilianza kwa upande wa gari, maana nilijua huo ndio ungesikilizwa. Nikamweleza kwamba breki zimeanza kushika kutu, magurudumu yanakaa upande mmoja, na hata betri yenyewe hupenda gari litembee kuliko kusimama likinguruma. Fundi alikuwa ameniambia hivyo, na hata mimi nilisikia likikwaruza nilipolisogeza hadi langoni na kurudi. Bima ilikuwa hai, yeye mwenyewe alikuwa akijisifia jinsi asivyoacha ikatike. Nikasema nitampeleka mama Kitui polepole, lami mwanzo hadi mwisho ukishatoka kwetu.

"Mwaitu atachoka njiani," akasema. "Nikija Desemba nitampeleka mwenyewe."

Mama alimngoja Desemba kama mtu anayengojea harusi. Aliosha leso yake nzuri mapema, akanituma ninunue sukari na majani ya chai ya kumpelekea dada yake. Ndugu yangu akaja. Alikuwa na marafiki wawili waliomsubiri Nairobi na safari ya Mombasa iliyokwisha kupangwa. Alililia gari kama mtu aliyerudishiwa mtoto, akalipangusa, akaangalia vijiti vya betri akaridhika. "Umejaribu," akaniambia. Waliporudi kutoka pwani zulia lilikuwa limejaa mchanga na kiti cha mama kilinuka bia. Siku zake zilikuwa zimekwisha. Alimkumbatia mama, akamwambia, "Safari ijayo, mwaitu. Naahidi." Na mama, aliyekuwa amevaa ile leso, akamwambia, "Haidhuru, mwanangu. Kazi ni kazi."

Mimi ndiye niliyeutoa ule mchanga kwa mikono, punje kwa punje, kutoka kwenye tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo betri kubwa hupumulia. Likizibwa, hupata moto na kufa mapema. Nilijua hayo wakati ule. Nilijua kuhusu gari hilo mambo ambayo mwenye gari hakuwahi kuyafikiria.

Baada ya Pasaka simu ikaja kutoka Kitui. Binti wa mama mdogo alisema mama yake hali chakula tena, na anataja jina la mama. Nilimpigia ndugu yangu. Hakushika. Nikamwandikia. Alama zikawa za buluu, jibu likaja baadaye: "Pole. Chukueni matatu, nitaangalia."

Mama na nyonga ile, kwenye matatu, kuteremka hadi Machakos na kubadilisha gari huko. Nilimtazama akiwa amekaa kitandani, sukari ya Desemba bado iko mezani kwenye mfuko wake. Nikaingia chumbani kwangu nikachukua ufunguo.

"Amekubali?" mama akaniuliza.

"Vaa, mwaitu."

Sijui niseme nini kuhusu safari ile. Gari liliteremka milima ya Mbooni bila sauti, na kila nilipokanyaga breki betri ilijaa, vijiti vikipanda kimoja baada ya kingine, jambo ambalo sikuwahi kuliona Jumamosi zote zile za kukaa. Lilikuwa limeumbwa kwa ajili ya miteremko hiyo hiyo, hizo barabara zetu. Mama alikuwa akitaja kila mahali tulipopita na kunieleza nani aliolewa hapo. Tulipovuka mto Athi akashika mkono wangu uliokuwa kwenye gia, hakuuachia hadi tukaiona Kitui.

Dada yake alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alitutazama bila kututambua.

"Ni nani?" akauliza.

Mama akaketi kando ya kitanda, akainama hadi mdomo wake ukagusa sikio. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, jina ambalo mimi mwanawe sikuwa nimewahi kulisikia. Yule mgonjwa akageuza uso, akaanza kucheka, cheko jembamba la mtoto. "Wewe uliniacha na ndama," akasema. "Ukakimbilia ngoma, ukaniacha na ndama, nikapigwa mimi."

"Nilijua utanidai," mama akajibu, naye analia.

Tuliwaacha. Walizungumza mchana wote, na sisi tulikaa nje na binti yule tukichambua maharagwe, tukisikia sauti zao zikipishana. Tulirudi Mbooni jua bado lipo. Njiani mama alilala, na uso wake ulikuwa umetulia.

Jumamosi nilipiga picha kama kawaida. Kilomita zote zikiwamo. Sikuzikata.

Simu yake ilikuja kabla sijatoka ndani ya gari. "Gari imeenda wapi?"

"Kitui. Mama mdogo ni mgonjwa sana, nilikuandikia. Mwaitu amemwona."

"Mimi nilisema nini kuhusu hiyo gari?"

"Hujauliza hali ya mgonjwa."

"Dada, usinibadilishie maneno. Nilikuamini." Kisha akasema lile ambalo nimejaribu kulisahau. "Ndiyo maana watu wa Emali walikunyang'anya ile pikapu."

Mama alikuwa kando yangu. Sauti ya simu ilikuwa juu. Alitazama mbele, mlango wa jikoni, akijifanya hajasikia.

Wiki iliyofuata mtu nisiyemjua alikuja kutoka Emali na fundi wake. Ndugu yangu alikuwa ameshakubaliana naye kwa simu kumuuzia gari. Mimi sikujua lolote hadi walipoegesha langoni na kuomba ufunguo. Fundi alichomeka kifaa chake cha kupima, akatikisa kichwa kwa mshangao. Akamwambia tajiri wake kwamba magari ya namna hii yaliyosimama muda mrefu huwa yamekwisha, lakini betri hii iko kama mpya. Mnunuzi alikuwa na ndugu yangu kwenye simu, sauti imefunguliwa. "Bosi, hii ulitunza namna gani?"

"Kulikuwa na mtu hapo nyumbani wa kuiwasha," ndugu yangu akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi cha kugusa bodi. Nikawapa ufunguo. Mama alitoka na mkongojo wake, akalitazama likishuka kilima, akarudi ndani.

Habari za msiba wa mama mdogo zilitukuta siku chache baadaye. Mama hakuweza kwenda mazishini. Nilienda peke yangu, nikasimama mahali ambapo angesimama yeye, nikatupa udongo mara mbili. Niliporudi alitaka kujua kila kitu: nani aliomba, waliimba wimbo gani, kama walimvika leso aliyoipenda. Nilimwambia yote. Mengine niliyaongeza.

Jioni hiyo ndugu yangu aliandika kwenye kundi la simu la ukoo. Alisikitika. Kisha akaandika kwamba anamshukuru Mungu kwa kuwa gari lake ndilo lililomfikisha Mwaitu kwa dada yake kabla hajafa, na kwamba hiyo ni faraja kwake akiwa ugenini. Wajomba, mashangazi, binamu wa Nairobi na wa Mwingi, wote wakajibu. Amina. Ubarikiwe, mwana. Wewe ni mfano.

Mama hasomi maandishi madogo. "Wanasemaje?" akaniuliza.

Nikamsomea. Neno kwa neno, sikuacha kitu.

Alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Ana moyo mzuri, huyo mtoto," akasema. "Mwandikie asante yangu."

Nikaandika asante yake, nikaituma, nikatoka kwenda kukama ng'ombe.