Beseni la Mzungu na Ndagala za Mama

Nikisikia harufu ya ndagala zilizolowa mvua, mpaka leo naligusa sikio langu, na minye sasa niko na wajukuu wanaonizidi urefu.

Kusoma nilisoma miaka miwili tu, lakini nilikulia ndani ya shule: ile ambayo Mzungu mmoja msafiri, mwenye jina kubwa, aliwajengea watoto maskini kwenye kijiji chetu cha kando ya ziwa, chini kidogo ya Uvira. Watoto walipohamia shule mpya, minye sijazaliwa bado, chefu wa kijiji aliigeuza makumbusho. Akaweka viatu vya Mzungu, kiti chake, beseni lake la kunawia. Ufunguo alikaa nao Tate, bibi yangu mzaa mama. Chefu alimwambia mbele ya watu: kitu kimoja kikiharibika, ufunguo nakunyang'anya. Tate aliuvaa shingoni kama wengine wanavyovaa rozari.

Siku ile mama aliniachia ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alizoanika mchangani nizilinde na kunguru. Mvua ikatokea upande wa Burundi, inavuka ziwa mbio. Ndagala ikilowa inaoza; mtoto wa pwani anajua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Kitunga cha kuzibebea sikuwa nacho. Mlango wa makumbusho ulikuwa wazi, Tate anafagia nyuma. Nilichukua beseni la Mzungu.

Ndagala nyingi zilipona. Beseni nililisugua kwa majivu, mchanga, majani ya mlimau. Likabaki linanuka vilevile. Nikalirudisha hivyo hivyo. Kesho yake chefu akaleta wageni kutoka Bukavu.

Nilijibana nyuma ya mlango, nachungulia. Mgeni mmoja mwanamke akainama, akakunja pua.

"Mbona iko inanuka samaki?"

Chefu akamgeukia Tate. Tate akaushika ufunguo wake.

"Mama, huyu Mzungu alikaa na sisi miaka," akamwambia yule mgeni polepole. "Ulifikiri alikuwa anakula mawe?"

Wageni wakacheka. Chefu akacheka wa mwisho.

Nilingoja fimbo. Tate alinivuta sikio tu. "Weye, siku ingine beba kitunga."

Fimbo ile ambayo haikuja ilinisumbua miaka. Nilikuwa tayari mama wa watoto wanne, Tate amelala mgonjwa, ndipo aliponiambia: beseni la Mzungu liliisha kwa kutu zamani, kabla sijazaliwa. Kwa kumwogopa chefu, aliweka pale beseni lake la arusi.

Minye nilitetemeka siku moja. Yeye alitetemeka kila alipomfungulia mgeni mlango.

Beseni liko pale mpaka leo. Nikiwapeleka wajukuu, nawaambia wainame vizuri.