Choo cha Watalii na Kaburi la Mwami

Jumatatu nilipeleka barua ya kuomba kazi ofisi moja Kasulu, nikamkuta bibi anayetunza kaburi la mwami, mfalme wetu wa kale. Ofisa, mgeni katika mkoa wetu, alikuwa anamwonyesha ramani: njia ya zege, mabenchi, choo cha watalii.

"Choo kizuri, mwanangu, wageni nao wana matumbo," bibi alisema. "Ila hapo ulipokichora ndipo tunapopiga magoti na makofi kumsalimu mwami."

"Bibi, ramani imeshapita. It's final."

"Babu yako mmemzika wapi?"

Mimi nilishaandaa matusi ya kumtolea ofisa, lakini yeye akachukua raba, akafuta taratibu, akamkabidhi bibi penseli.

"Nionyeshe."

Choo kimehamia ng'ambo ya barabara. Watalii watatembea kidogo. Watembee tu, my friend. Mwami hana haraka.