Ndovu Aliyekaa Ndani ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii nilikuwa nimetumwa kazi nyingine. Nilikuwa fundi wa simu za reli hapa Voi, kijana wa kidato cha nne mwenye suruali moja ya heshima, na Foreman alikuwa amenituma stoo kuchukua waya. Bwana Stoo, yaani msimamizi wa vifaa, nilimkuta amekalia katoni akila muhogo. Karibu na mguu wake kulikuwa na kitu kama taipureta iliyonyang'anywa mwili ikabaki na meno peke yake.

"Hiyo ni nini, Bwana Stoo?"

"Kompyuta ya nyumbani. Mhandisi mmoja aliiacha akihama. Haiwaki. Kesho inaenda na takataka."

"Eti ya nyumbani?"

"Ya nyumbani, ndiyo. Na kwa vile hakuna mtu wa reli anayependa nyumbani kukushinda, beba uende nayo."

Nikabeba. Waya nilisahau, ikabidi nirudi. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi ambayo imenishika zaidi ya miaka thelathini, bila mshahara, bila likizo, na bila mtu wa kunifukuza isipokuwa mke wangu, Mama Wakesho, ambaye amejaribu.

Vijana mnaosoma haya kwenye simu, ngoja niwaeleze. Kompyuta ya nyumbani ya zamani ilikuwa kibodi tu, na ubongo wake umelala humo humo chini ya vitufe. Kioo hakikuwepo, uliichomeka kwenye televisheni. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo hivi kwamba ile picha ya chapati uliyomtumia shangazi yako asubuhi isingeingia hata ukingo. Na kazi zako ulizihifadhi kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya kwaya. Ukitaka kuzirudisha, unapiga kaseti kwa redio, na mashine inasikiliza mlio mkali kama nyenje wa wakati wa jua. Ikikosa kusikia kidogo tu, unaanza upya. Na bado watu walitunga humo michezo, hesabu, hata muziki. Mimi nikifikiria waliounda kitu hicho kwa nafasi finyu namna ile, huvua kofia, na kofia yangu haivuliwi ovyo kwa sababu ya upara.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Foreman wa Simu, mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, sauti ya ngoma. Dini yake ilikuwa kunyoosha. Nguzo ikiinama, nyoosha. Waya ukilegea, nyoosha. Ukija na kola imekunjika, unanyooshwa wewe. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alinifumania na chuma cha kulehemu cha ofisi.

"Hiyo ni simu ya stesheni gani?"

"Si simu, Bwana Foreman."

"Naona. Na hiyo risasi ya kulehemia umepaka kama mtu anayekandika nyumba. Sogea."

Akakaa, akaondoa uchafu wangu wote, akaunganisha upya kwa matone madogo yanayong'aa. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, eti kukagua. Mashine ilipowaka mara ya kwanza, yeye ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikingoja ilipuke.

Kisha nikahamishiwa Taveta. Watu wengine huhamishwa wakafurahia posho. Mimi nikipita Mwatate tu, hapo jirani na Voi, nasikia machozi. Nilifika na begi moja la nguo na gunia moja la mashine, na Mkuu wa Stesheni akanitazama juu mpaka chini.

"Umekuja kazini ama umekuja kufungua duka?"

Lakini alinipa chumba cha kuwekea taa, na humo ndimo nilimojifunza kapasita, vile vipipa vidogo vinavyoshika umeme na kuuachia polepole. Mashine ikizeeka, vipipa hivi ndivyo hufa kwanza, hutoa maji na kula bodi, ile sahani vilipopachikwa. Ukivibadilisha, nusu ya wagonjwa wanaamka. Niliporudi Voi nilikuwa na mashine nne. Nilipostaafu reli zilikuwa kumi na moja, na Mama Wakesho akawa ndiye ofisi kuu: alizihamisha kutoka sebuleni hadi chumba cha wageni, na kutoka chumba cha wageni hadi banda la kuku. Kuku walikuwa wamekwisha. Harufu yao haikuwa imeambiwa.

Humo bandani ndimo alimonikuta Mwalimu Mwamburi wa Ronge, mzee mwembamba anayetembea akipapasa njia kwa fimbo. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani yake kompyuta ya nyumbani, redio kaseti, na kaseti moja iliyofungwa kwa leso.

"Fundi, nimeambiwa wewe hufufua."

"Hujaribu, Mwalimu. Wengine hukataa kurudi."

Akanieleza. Miaka yake ya kufundisha kule Mata, kabla shule haijapata stima, alikuwa akiendesha mashine hiyo kwa betri ya gari, na alitunga mchezo mmoja wa wanafunzi wake. Mchezo wa ndovu na shamba la mahindi. Nakala ni hiyo moja tu. Sasa wanafunzi hao, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa wanamfanyia ibada ya shukrani Jumamosi inayofuata katika ukumbi wa kanisa, na wote walikuwa wanaulizia ndovu.

"Na mimi mwenyewe naulizia," akasema. "Macho yameniaga. Naona mwanga na rangi kidogo, na daktari amesema hata hizo haziko mbali kwenda. Nataka nimwone mara moja kabla."

Nikamwambia aje Ijumaa. Nilijibu haraka kama mtu anayejua.

Kapasita zilinichukua siku mbili, mashine ikawaka. Basi nikaona nimfanyie na urembo. Plastiki ya zamani hugeuka manjano, na wapenzi wa mashine hizi wa nchi za baridi huandika kwamba ukiipaka dawa ya saluni ya kutoa rangi nywele, ukaianika juani kutwa nzima, inarudi nyeupe. Mama Wakesho ana saluni ndogo, nikaiba dawa. Nikapaka, nikaanika, nikaenda kulala usingizi wa mchana. Kutwa nzima, walisema. Hawakusema kutwa ya jua la nani. Jua la Voi lilimaliza kazi kabla sijaanza kukoroma, kisha likaendelea.

"Baba Wakesho!" nikasikia kutoka uani. "Njoo uone punda milia wako!"

Mistari mieupe, mistari ya manjano, kutoka upande hadi upande. "Na hiyo dawa," akaongeza, "ukiniuliza mimi ningekwambia dakika ishirini. Lakini mimi ni mtu wa nywele tu."

Hilo lilikuwa la aibu. Lililofuata lilikuwa la hofu. Kaseti ilikataa. Nilisafisha redio ya Mwalimu vizuri, nikanyoosha kichwa chake, kile chuma kidogo kinachogusa utepe na kuusoma, maana kilikuwa kimeinama upande. Kuna skrubu yake ndogo. Foreman angenisifu. Nikapiga kaseti mara moja, mbili, mara saba. Mlio ulitoka, mashine ikasikiliza, kisha ikaandika kwamba imekosea. Kila nikiupiga ule utepe mkongwe naogopa utakatika, na nakala ni hiyo moja.

Ijumaa mchana Mwalimu akafika. Nilimkalisha kwenye ndoo, nikamwambia ukweli.

"Piga nisikie," akasema.

Nikapiga. Akainamisha kichwa kidogo tu, kama anayesikiliza mwanafunzi akisoma.

"Hiyo si sauti yake. Huyo wangu alikuwa na mafua. Umeifanya nini redio yangu?"

"Nimenyoosha kichwa, Mwalimu. Kilikuwa kimeinama."

"Kiliinama tangu siku niliyoinunua. Kiliinama nikirekodi! Sasa fundi, mimi nimeandika nimekaa upande, wewe unataka kunisoma umesimama wima?"

Nilitaka banda linimeze. Alikuwa sawa kabisa. Utepe unasomeka na kichwa kilichoegemea vile vile kilivyoegemea siku ya kurekodi, na mimi kwa ufundi wangu nilikuwa nimefuta ule mwinamo, na kipimo chake sikuweka alama. Nikashika bisibisi. Mwalimu akafumba macho.

"Zidisha. Zidisha tena. Umepita, rudi. Polepole, wewe, hufungui chupa. Bado... Hapo! Usipumue!"

Mlio ulikuwa mbaya, wa puani. Nikarudisha kaseti mwanzo, tukangoja. Mama Wakesho alikuja mlangoni na chai akasahau kutukaribisha. Dakika zikapita, nyenje akalia, na kwenye televisheni ikatokea mistari ya mahindi ya kijani, na pembeni kibonge cha miraba ya kijivu chenye mkonga.

"Ndiye?" nikauliza, maana yeye alikuwa ameshikilia ukingo wa ndoo.

"Naona kijivu," akasema. "Ndiye."

Jumamosi ukumbi wa Ronge ulijaa. Hakuna aliyeuliza kuhusu ile mistari, isipokuwa mke wangu, aliyewaeleza kabla hawajauliza. Mama mmoja mkulima wa Mboghoni, aliyesoma kwa Mwalimu, ndiye aliyekaa kwenye vitufe. Kila akibonyeza, debe linalia na ndovu anarudi nyuma hatua. Akichelewa, mahindi yanaliwa.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "huyu hupigwa vipi? Mtu hushinda wapi?"

"Hashindi. Watoto wa Mata walikuja darasani macho mekundu, wamekesha wakipiga madebe shambani. Ningewaletea ndovu anayekufa kwa kitufe kimoja, wangenicheka. Hapa unapiga debe mpaka kuche, basi."

Ukumbi ulikuwa unapiga kelele: "Kushoto! Mama, kushoto, anamaliza!" Yule mama akapiga, akapiga, mpaka anga ya kioo ikaacha weusi ikawa bluu, na ndovu akageuka akaondoka zake. Watu wazima wakasimama wakishangilia. Mwalimu alikuwa amesogeza kiti hadi pua inakaribia kugusa televisheni.

"Kumekucha?" akauliza.

"Kumekucha, Mwalimu."

"Naona," akasema. "Msiniambie rangi. Naiona."

Sasa mikono yangu inatetemeka na risasi imeanza tena kuwa ya kukandika nyumba, kwa hiyo nimestaafu mara ya pili, safari hii bila karamu. Mashine nazipangusa vumbi tu na kuziwasha zisisahau. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutengeneza nakala tatu za kaseti ya Mwalimu, zisomeke kwa redio yake. Zote tatu nimezirekodi kwa kichwa kilichoinama.