Gari la Mtu Ambaye Hajawahi Kukopa

Baba mdogo alisema nitazeeka nikitembea kwa miguu. Mke wake aliongeza kwamba diploma ni karatasi, na karatasi haibebi kahawa. Kwenye kwaya ya kanisa walisema wanaotoka Kampala hurudi na viatu tu, viatu vikiisha wanaanza kuzunguka kwa ndugu wakiomba mihogo. Niliyasikia yote kwa masikio yangu, kwa sababu kwetu, mtaa wa Mususa, ukuta wa mbao hauzuii maneno, na wasemaji hawakujisumbua kupunguza sauti.

Nilikuwa nimerudi Butembo na diploma ya uhasibu niliyojilipia mwenyewe, kwa miaka tisa ya kulala ghalani kwa mwajiri wangu, na dola elfu moja mia tano zilizoshonwa kwenye mkanda wa suruali. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika pesa kama hiyo kwa jasho lake. Nasema hivyo bila aibu, maana hakuna mwingine wa kunisemea.

Vita vilikuwa vimefika kabla yangu. Waasi walitawala mji, na benki ilikuwa imebaki mlango wenye kutu ambao watu walikojolea pembeni yake. Mimi nilitaka pikapu moja nyekundu ya Kijapani iliyokuwa imeegeshwa kwenye gereji karibu na kwetu. Ilikuwa imetumika miaka mingi kwa watu wengine, lakini injini ilikuwa nzima, nami niliisikiliza asubuhi tatu mfululizo. Mwenyewe alitaka elfu nne na mia tano. Kahawa ya Mutwanga ilikuwa inaozea kwa wakulima kwa kukosa wa kuibeba. Nilipiga hesabu: gari lingejilipa ndani ya miezi sita. Zilipungua dola elfu tatu.

Nilianza kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, mzee wa kanisa letu, aliyeuza chumvi na sabuni. Nilivaa koti. Nikampa karatasi mbili za mahesabu yangu, zilizopigwa mstari kwa rula. Hakuzitazama. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nani anakujuaka na deni?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba sijawahi kukopa hata franka moja kwa mtu yeyote.

"Donc, basi, hakuna mutu anakujua," akasema, akarudi kwenye mizani yake.

Hivyo ndivyo mji ule ulivyofanya kazi. Mwizi aliyekopa mara kumi na kulipa mara tisa alikuwa na jina. Mtu safi hakuwa na lolote. Nilielezwa kwamba natakiwa kwanza kuchukua bidhaa kidogo bila pesa, niuze, nirudishe, nichukue tena, hadi wafanyabiashara wanaokaa kwenye benchi la duka siku ya Jumamosi waizoee sura yangu. Mimi, mwenye diploma, nikaondoka na katoni ishirini za sabuni kichwani mwa mpagazi, kama mtu anayeanza maisha.

Mzee aliniachia wiki tatu za kuleta pesa. Niliuza zote kwa siku tatu, na siku ya nne nikamrudishia pesa yake yote mkononi. Nilitegemea asimame anisalimie. Alihesabu noti mara mbili, akazinusa, kweli akazinusa, akaziweka. Nilipoomba katoni nyingine akasema sabuni imekwisha. Sabuni ilikuwa imepangwa nyuma yake hadi darini.

Ndani ya wiki moja kila duka lilikuwa limekwishasikia habari zangu. Walisema ninalipa mbio kama mtu anayekimbizwa. Walisema natoa hapa naziba pale. Mbaya zaidi, walisema pesa ni ya afisa fulani wa jeshi anayenituma, na kwamba atakayenikopesha ataamka na askari mlangoni. Nilikuwa nimefanya mema kuliko wote waliokaa kwenye lile benchi, nao wakayageuza kuwa ushahidi wa uchafu.

Mama ndiye aliyenifungulia macho. Alikuwa muuza dagaa sokoni, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akichukua bidhaa kwa mzee yule yule. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso.

"Mutu analipaka siku yake," alisema. "Hapana mbele, hapana nyuma. Ukileta mbele, unamuambia kama hautaki kuwa mutu wake. Na yeye amekuelewa."

Nilimwambia huo ni upuuzi, kwamba popote duniani pesa inayorudi mapema ni pesa nzuri. Akasema basi niende nikakope popote duniani.

Kesho yake, bila kunishauri, alichukua karatasi ya kiwanja chetu cha Mususa, akavaa kitenge chake cha Jumapili, tukaenda wote. Sitasahau jinsi mama yangu alivyopiga magoti kwenye sakafu ile yenye chumvi na mikojo ya panya, akampa yule mzee karatasi ya nyumba yake kwa mikono miwili. Mzee aliipokea kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa unakula karanga. Akaitia karatasi kwenye droo chini ya mizani, akanihesabia dola elfu moja, na kunipa miezi sita. Nikishindwa, mama angehama.

Neno la mzee lilifungua milango mingine. Mfuko wa kanisa ulinipa elfu moja, baada ya mashemasi wanne kunihoji kama nitabeba pombe, kama nitabeba wanawake wasio na waume, na kama diploma yangu inanifundisha kutoa fungu la kumi. Elfu ya tatu niliipata Beni, kwa Haji mmoja mwenye malori. Huyo peke yake hakunichukiza. Alisema dini yake haimruhusu kula faida juu ya deni, donc nitambebea mapipa yake ya mafuta mara mbili kila mwezi hadi nitakapomaliza. Alinitengea kiti na kunipa chai kabla ya kuhesabu pesa.

Nikanunua gari. Niliendesha mwenyewe mbele ya nyumba ya baba mdogo, polepole, mara mbili. Mke wake alikuwa anaanika unga, akakuta ghafla kuna kazi ndani.

Kwa miezi minne nilishuka na kupanda njia ya Mutwanga, Beni na Butembo. Kahawa chini, abiria juu ya magunia, kuku wamefungwa pembeni, matapishi kwenye mlango kila siku ya Mungu. Kila baada ya kilomita chache kamba imefungwa njiani na mvulana mwenye bunduki kubwa kuliko yeye anaomba kahawa, sigara, sabuni, saa ya mkononi. Niliwachukia kwa moyo wote, nikawalipa kwa tabasamu, na bado nikapunguza deni la kanisa na la Haji, nikaweka na akiba. Wenye magari watatu wa njia ile walifilisika mwaka huo. Mimi sikufilisika.

Mwezi wa tano, pale kwenye kizuizi cha kuingilia Beni, kamanda mmoja alilizunguka gari, akalipiga teke gurudumu.

"Gari sasa iko ya mapinduzi, vieux. Shuka."

Nilishuka. Mapinduzi yalikaa na gari langu wiki tatu. Yalihamisha nalo magodoro ya wake wa kamanda na mbuzi wake. Liliporudishwa, lilikuwa na kinyesi hadi kwenye dashibodi, kiti kimechanwa kwa kisu, tairi la akiba halipo, betri imebadilishwa na mzoga wa betri. Nilisafisha kwa mikono yangu siku mbili. Harufu haikutoka.

Siku ya kulipa ikafika nikiwa na mia sita badala ya elfu moja. Baba mdogo alikuja nyumbani asubuhi na mapema kunishauri nijifiche Mutwanga mwezi mmoja, ndivyo wanavyofanya wote. Mama alisikia. Alianza kufunga vyombo vyake kwenye beseni, sufuria moja baada ya nyingine, na sauti ya zile sufuria ndiyo iliyonipeleka dukani.

Ilikuwa Jumamosi, benchi limejaa. Niliweka mia sita juu ya mizani, nikaeleza mbele ya wote kuhusu kamanda, mbuzi na betri. Sijawahi kudhalilika kiasi kile. Mzee alihesabu, hakunusa. Kisha akawageukia wenzake.

"Mumuone huyu. Gari walimunyanganya, pesa haikutimia, mais amekuja siku yake. Sasa tunamujua."

Benchi zima likatikisa kichwa kukubali. Akaniongezea miezi miwili. Kwa hiyo nilipolipa nilikuwa mwizi, na niliposhindwa nikawa mtu. Kanisa na Haji nao wakanisubiri, kwa sababu mzee alinisubiri. Nilitoka pale nimechukizwa nao kupita siku zote, na nimeokoka.

Miezi miwili ile sikula nyama. Siku yenyewe nilianzia Beni asubuhi. Nikamlipa Haji kilichobaki, akaniombea dua na kunitaka nimsalimie mama. Mchana niliwalipa mashemasi kilichobaki, wakanidai fungu la kumi, nikawaonyesha mgongo. Halafu nikapitia sokoni kumchukua mama, tukaingia dukani pamoja.

Niliweka mia nne zilizobaki juu ya mizani. Mzee akafungua droo, akapapasa, akatoa karatasi ya kiwanja. Ilikuwa na doa la mawese na kona moja imetafunwa. Akaninyooshea mimi.

"Si mimi niliweka hapa, tata," nikamwambia. "Mupatie mwenyewe."

Alinitazama. Akainuka, akazunguka meza, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akaikagua mbele na nyuma, akaiingiza kifuani, akashukuru. Mimi tayari nilikuwa mlangoni na ufunguo mkononi, nikijua kwamba sitakanyaga tena sakafu ile.

"Tata," nikamsikia mama akisema nyuma yangu, "unipatie magunia mbili ya chumvi. Nitakuletea pesa yako kisha wiki tatu."

"Chukua, mama."

Nilirudi ndani. Nikabeba gunia la kwanza, halafu la pili, nikayapakia kwenye gari langu.