Kinga Iliyotazama Ukuta

Yaya aliiweka baiskeli ikitazama ukuta wa jiko. Angeweza kuigeuza upande wa pili nikaliona ziwa katikati ya nyumba mbili za jirani, lakini alisema upepo wa ziwa hilo la Mweru utaniingia gotini. Basi kila asubuhi nilipanda, nikatazama matofali, nikazungusha pedali. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi yake, stendi imebanwa kwa mawe, nalo likizunguka hewani bila kugusa ardhi. Mwanamke mzima, kitenge kiunoni na suruali ya kuazima chini yake, natoka jasho na sijasogea hata shubiri.

Kwetu upande wa Kongo baiskeli huitwa kinga. Najua kwamba kwa Waswahili wengine kinga ni kitu cha kumlinda mtu na balaa. Na yaya kwetu ni dada mkubwa, ingawa kwingine ni mwanamke anayelipwa kulea watoto wa watu. Mwaka ule nilioumwa nikiwa Nchelenge, ng'ambo ya pili ya ziwa, maneno yote mawili yalikuwa na maana zote mbili, nami nilikuwa nimechoshwa nazo zote.

Goti nililivunja kivukoni, nikirudi kutoka kisiwa cha Kilwa, kile cha humo ziwani, na magunia ya chisense, vile vidagaa vikavu nilivyokuwa nikinunua kwa wavuvi wa huko na kuwauzia Wakongo wenzangu huku. Abiria wengi hubebwa mgongoni na vijana, kutoka kwenye boti hadi nchi kavu, wasilowe. Mimi sikuwahi kukubali. Nilikuwa nikiwacheka wanawake wazima wanaoning'inia migongoni kama watoto wenye homa. Siku hiyo niliruka mwenyewe, kama kawaida yangu, mguu ukaingia kati ya boti letu na boti la pili, na wimbi likayagonganisha. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote niliowahi kuwacheka.

Nilikuwa nikiishi kwa yaya tangu nilipoanza biashara ile. Yeye aliolewa Nchelenge zamani. Siku moja mume wake alivuka kwenda Kilwa kununua samaki, akakaa wiki, akakaa mwezi, mwishowe habari zikaja kwamba ameoa hukohuko. Laiti angezama, yaya angelia matanga yakaisha. Lakini bwana yu hai, inasemekana amenenepa, na siku za anga safi kisiwa chake kinaonekana. Tangu hapo yaya hakutia hata kidole cha mguu ziwani. Maji ya kufulia aliyapangia foleni bombani, na ziwa lipo palepale. Kila nilipokwenda kupanda boti hakuniaga, aliinama tu akaendelea kufagia.

Plasta ilipotolewa, goti lilikuwa gumu kama mguu wa meza. Nilitaka jambo moja tu: likunjike kiasi cha kuniwezesha kupandisha mguu juu ya ubavu wa boti. Bila hilo hakuna Kilwa wala chisense, limebaki jiko la yaya mpaka nizikwe. Nilimwomba yaya amweleze hivyo dokota wa mazoezi hospitalini, maana Kibemba changu ni cha kupatana bei, hakifiki kwenye mifupa. Yule kijana alieleza kwa muda mrefu. Humo ndani nililisikia neno "panono", nikafurahi kukutana na mtu ninayemfahamu. Panono ni kidogo. Ndilo neno nililokuwa nikiwasumbulia wavuvi nikitaka nyongeza.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Uendeshe kinga, lakini isitembee. Kiti ikae juu," yaya alisema. "Na ufanye kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo tu. Si umesikia nawe mwenyewe?"

Nilikuwa nimesikia, kweli.

Kiti kikapandishwa mpaka mwisho, yaya akakaza nati kwa spana, na spana sikuiona tena. Kiti kikiwa juu hivyo, goti halihitaji kukunjika sana. Lilizoea upesi. Mwanzoni pedali ilikuwa ikiishia nusu na mimi nikipiga kelele, kisha ikazunguka mzunguko mzima, nikadhani ndiyo tumeanza. Lakini kila nilipopata kasi, sauti ilitoka jikoni: "Inatosha!" Angekuwa anapika, anasali, anaongea na simu, sauti hiyo haikukosa. Nilishuka. Nilioga maji aliyonichemshia. Nilikula bukari wake, ugali wa kwetu. Alinifulia hata nguo za ndani, akazianika mahali penye jua zuri, nami nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Unawezaje kumlalamikia mtu anayekukanda mguu kwa kitambaa cha moto? Ungemwambia nani, na nani angekuelewa?

Miezi ya mvua ilinipa nafuu kwa njia mbaya. Ni miezi ambayo ziwa hufungwa, uvuvi hukatazwa ili samaki wazaane, na Nchelenge nzima hukaa. Wanaume walishona nyavu barazani, wanawake walisukana, na wote walipita kunitazama.

"Bamayo, leo unafika wapi?" waliniuliza kwa Kiswahili chao cha sokoni, bamayo likiwa ni mama.

"Mwansabombwe," niliwatajia mji wa mbali.

"Kesho pita Mofwe, utuletee samaki!"

Nilicheka nao. Wote tulikuwa tumefungwa, na kifungo cha wengi kina mazungumzo. Kisha ziwa likafunguliwa. Usiku ule injini hazikulala, na asubuhi hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimefika wapi. Mke wa mvuvi mmoja wa Kilwa alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: samaki ni wengi, njoo, wapya wanachukua nafasi yako. Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yakipiga ubavu wa boti. Niliusikiliza nikiwa juu ya kinga, nikitazama matofali, nikiendesha kwa hasira mpaka mnyororo ukatoka.

"Inatosha," yaya alisema.

Wiki hiyohiyo alikwenda msibani na akina mama wa kanisa. Nikapanda baiskeli ya abiria, mguu umenyooka mbele kama mkuki, nikamwambia mwendeshaji anipeleke hospitali. Dokota alinikunja goti, akakunja na uso. Aliuliza kitu sikukielewa. Akaona tutakesha, akanitoa nje hadi kwenye baiskeli yake iliyoegemea ukuta. Alishika kiti, akaonyesha kwa kiganja kilivyotakiwa kuwa mwanzoni, juu kabisa. Kisha akashusha kiganja kidogo: "Panono." Akashusha tena: "Panono." Na tena, mpaka kiganja kikafika chini. Halafu akaipiga stendi teke, akaisukuma baiskeli barabarani, akanitazama kama anayeuliza, mama, hili nalo lilikushinda nini?

Panono panono. Kidogo kidogo. Hata mtoto anajua kwamba kidogo ni kuacha, na kidogo kidogo ni kuendelea. Nilisimama pale nikiona aibu kwa jambo ambalo sikulifanya. Kwa ishara akaniambia pia kwamba goti limechelewa, na kwamba pengine halitarudi lote.

Yaya aliporudi msibani alikaa uani akaanza kumenya mihogo. Nilimsubiri amalize mmoja.

"Yaya, dokota alisemaka panono ngapi?"

Kisu kilisimama. Nilidhani atakana, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa.

"Mbili," alisema.

"Na weye uliniletea ngapi?"

"Moja."

"Ile ingine?"

"Niliimeza." Hakuinua macho. "Ukipona utavuka."

"Nitavuka, nitarudia! Kila siku si nilikuwa narudia?"

"Ule bwana naye alisema atarudia."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira. Vyote viwili vilikaa pamoja. Yaya alinyanyuka, akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa ndoo ya unga. Alirudi na spana imekuwa nyeupe, akaipangusa kwa kitenge chake, akaiweka juu ya tofali karibu nami. Kisha akaendelea na mihogo. Siku kadhaa tulisemezana ya chumvi na maji tu.

Nilishusha kiti mwenyewe. Nililia kila niliposhusha, kwa maumivu na kwa miezi iliyopotea. Nikaondoa mawe, nikaiteremsha kinga kutoka kwenye stendi, nikatoka nayo kwenye barabara ya ziwa, nikiyumba, watoto wananishangilia. Goti lilikunjika likafika mahali likagoma. Nilibembeleza, nilitukana, halikusogea tena.

Nilikwenda kivukoni hivyohivyo. Nililaza kinga kwenye mchanga, nikaingia majini, nikashika ubavu wa boti la Kilwa na kuinua mguu. Haukufika. Nikajaribu mara ya pili, abiria wakanyamaza kwa adabu, jambo lililonikera kuliko kicheko. Nikawageukia vijana wa kubeba. Wakaangalia pembeni.

"Bamayo, tusamehe," mmoja alisema. "Yaya yako alitukataza zamani. Alisema goti ikivunjika tena, ni sisi tutajibu."

Nyumba yote, ua wote, sasa hata mchanga wa kivukoni ulikuwa mali ya yaya. Ndipo niliposikia maji yakipigwapigwa nyuma yangu na mtu asiyejua kutembea ndani yake.

Alikuwa amekuja kwa miguu nyuma ya kinga yangu. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni, na uso umemkauka kwa hofu. Alinipita, akanigeuzia mgongo, akainama.

"Yaya, unalowa."

"Panda."

Nikapanda. Nikaning'inia shingoni mwake, mimi niliyewacheka watu, akanizungusha upande wa nyuma, wenye kina kirefu, ambako ubavu wa boti uko chini zaidi. "Kidogo kidogo," alisema katika kila hatua, "kidogo kidogo," na sijui alikuwa akiniambia mimi au miguu yake. Tulipofika alisimama, na kwa kitambo hakuniachia, nami sikumwambia inatosha.