Mwalimu wa Ngabo

Habari ilinifikia nikiwa napembua maharage uani. Jirani yangu Goretti alikuja na simu mkononi, akaketi kando yangu kabla ya kusema. Kaka yangu mkubwa, Nehemiya, amefariki hospitalini Mbarara. Nilimwomba tusali kwanza. Kisha nikaenda kwa Bénédicte, mke wake.

Nataka watoto wake wajue baba yao alikuwa mtu wa namna gani, kwa hiyo nawaandikia habari ya Ngabo.

Ngabo ni mbwa aliyelinda ndama zetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Kwetu Kongo, Kivu Kusini, mbwa wa kulinda alifungwa gizani tangu udogo na kulishwa pilipili ili awe mkali. Nehemiya alimlea hivyo hivyo. Lakini kule milimani zizi lilikuwa mbali na watu. Hapa nyumba zimesongamana. Ngabo akamuuma Claude, muuza maziwa, mguuni. Mwenyekiti wa kijiji akasema akiuma tena atauawa. Wengi walimshauri Nehemiya amuue mara moja. Alikataa. Alisema ukali ule Mungu hakumuumba nao, tulimpa sisi, basi ni kazi yetu kuuondoa.

Nikamsindikiza Mbarara kutafuta mwalimu wa mbwa. Wa kwanza alijisifu sana. Mbwa wake walikaa kimya kwenye mstari, na alipoinua mkono wote walilaza matumbo chini. Mimi nilivutiwa. Nehemiya aliaga kwa adabu, tukatoka. Njiani alinikumbusha jinsi wazee wetu walivyochagua mchunga ng'ombe: walimpitisha katikati ya kundi, wakawatazama ng'ombe, si yeye.

"Bale imbwa banamuogopa," alisema. "Siku hayuko, batamumaliza mutu."

Wa pili alikuwa mama mmoja upande wa Bwizibwera, jina lake Mbabazi. Mbwa wake walimfuata wakitikisa mikia. Nehemiya alimuuliza humfanya nini mbwa akikosea. Akamwonyesha: anamnyima dagaa, anaanza upya. Nehemiya alipotaka kumwachia Ngabo mwezi mzima, Mbabazi alicheka.

"Mzee, nikifundisha yeye peke yake, atasikia mimi tu. Nani atakaa na yeye nyumbani? Kuja na yeye. Wewe ndiyo mwanafunzi."

Basi kila wiki Nehemiya alimpandisha Ngabo kwenye lori la mahindi kwenda kwa Mbabazi. Majirani walimuuliza kama mbwa atafanya mtihani wa taifa. Alijibu kwamba anayeogopa kufeli ni yeye. Nyumbani alimtembeza kwa kamba kati ya watu, dagaa mfukoni, siku za mvua pia, hata alipoanza kuugua.

Mwishoni alimwomba Claude asimame mlangoni.

"Nehemiya, nimebaki na muguu moya muzima," Claude alisema. "Na huo unautakia nini?"

Alikataa mara nyingi. Siku moja akaja. Ngabo alibweka, akamtazama Nehemiya, akaketi. Claude akaingia na maziwa yake. Mwenyekiti alipopata habari, hakuzungumzia tena kumuua.

Tulimzika Nehemiya Alhamisi mchana. Uani kulijaa watu, na Ngabo alilala karibu na uzio bila kufungwa. Claude alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Pasta Ezira alisoma Zaburi na kuomba kwa ufupi, kwa maana mvua ilikuwa inakuja. Tuliimba. Bénédicte alitia udongo, kisha watoto, kisha mimi. Wanaume wakafukia kaburi, tukarudi nyumbani.